Udongo wa Shimo la Choo

Kwanza aliufinyanga donge moja, kama tonge la sima,
akanyoosha mkono usawa wa bega
akaliachia lidondoke juu ya ubao.
Likavunjika vipande vinne.
"Mzuri," akasema dada yangu Nyevu.
"Ungesambaratika, ni mchanga mtupu.
Ungebaki bonge, ungetupasukia ukutani."

Mimi nimeegemea sepetu, nacheka.
Miaka kumi na tisa nimemwaga zege
Nyali, Tudor, Shanzu,
nyumba za watu nisiowajua hata majina.
Saruji imenila ncha za vidole
hadi simu yangu mwenyewe hainitambui nikiigusa.
Na huyu, na cheti chake cha miezi mitatu,
anifundishe udongo?

Mama hakucheka.
Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Mimi udongo niliukimbia, Nyevu.
Mwaka ule wa mvua isiyokatika
ukuta wa baba yenu ulilala chali,
usiku, taratibu, kama mtu aliyechoka,
nawe nyuma yake, una siku tisa.
Jina lako umelipatia humo.
Nimekaanga viazi miaka yote hii nipate nyumba ya mawe,
leo waniletea matope?"

Nyevu hakujibu. Alichekecha.
Udongo mwekundu wa Miritini,
futi kumi na mbili kwenda chini, shimo la choo.
Ndoo kumi kwa ndoo moja ya saruji
(moja tu, Mama, kama chumvi)
na maji ya kunyunyiza, si ya kumwaga.
Wahenga walituambia udongo uwahi ungali maji;
huu ukiuwahi na maji umeuharibu.
Wataka unyevu tu.
"Basi wakutaka wewe," nikamtania,
naye akanikabidhi wenzo wa mashine.

Kisanduku cha chuma, kifuniko, mkono mrefu.
Nikauning'inia kwa uzito wangu wote
kama nguo kwenye kamba;
mle ndani udongo ukaguna,
kisha tofali likapanda,
jekundu, lenye kona,
ulimi juu, tundu chini,
likae na mwenzake bila gundi.

Siku kumi na nne chini ya magunia
tukayanywesha asubuhi na jioni, kama wagonjwa.

Ya kumi na tano, Mama aliiba moja.
Alilizamisha katika beseni la kufulia
akalisukumia beseni uvunguni.
Usiku kucha, malori ya bandarini yakitikisa mabati,
nilimsikia akishuka kitandani
kupapasa maji.

Alfajiri maji yalikuwa na wekundu kidogo,
chai iliyoongezwa maji kwa wingi wa wageni.
Akalitoa. Akaligonga kwa konzi:
ngo, ngo, ngo.
"Karibu!" Nyevu akaitika kutoka uani,
akidhani ni mtu.

Vyumba viwili na ukumbi.
Upande wa barabarani Mama alidai lipu na rangi,
majirani wasije wakasema.
Walibishana siku tatu, akapewa.
Lakini saa saba, jua likiwa utosini
na nyumba za zege za jirani zikichemka kama karai,
haendi kukaa upande wa rangi.
Huzunguka nyuma, kwenye udongo mtupu,
akabandika mgongo ukutani
na kufumba macho.

Tofali la mwisho, likiwa bado bichi,
nililikandamiza kidole gumba.
Likabaki shimo laini, lisilo na mstari hata mmoja.
Mama akaja, hakuuliza,
akakandamiza chake kando ya changu.

Tumelijenga juu ya mlango.
Mistari yake inaonekana hata ukiwa umesimama chini.