Saa ya Mghoi

Dada yangu amekwenda kutengeneza friji
mahali ambapo nchi nzima ni friji.
Mama alicheka mpaka akashika ukuta.
Johannesburg, São Paulo, Santiago, Punta Arenas:
ndege nne, soksi mbili mbili kila mguu,
kisha meli inayopeleka nyama na dizeli
kwa watu wanaopima barafu.

Mimi nimebaki Luthuli,
kati ya duka la spika na muuza chaja,
lenzi jichoni, nafungua matumbo ya saa.
Spika zikinguruma
skrubu huruka mezani kama mchele kwenye ungo.

Hapa nasi ni kusini, ila kusini ya kuonja tu:
ikweta iko Nanyuki,
tumeikosa kwa safari ya asubuhi moja.
Jua letu ni karani wa zamani,
huingia kumi na mbili na nusu,
hutoka kumi na mbili na nusu,
halijawahi kuomba ruhusa.
Ndiyo maana waliotutangulia walilifanya kalenda ya siku:
likichomoza, subiri kidogo, sema moja;
likichwa, anza tena moja.

Desemba Mghoi alipiga simu ya picha.
Kariobangi ilikuwa saa kumi alfajiri,
Mama amejiviringisha blanketi.
"Huko saa ngapi?"
"Saa nne usiku."
"Na hilo nyuma yako si jua?"
"Ndilo. Halijachwa bado."
Mama akanyamaza, akalitazama lile jua la watu.
"Sasa hiyo nne," akasema, "mnaihesabu tangu wapi?"

Mtandao ukakatika.
Mwezi wa sita swali likageuka ndani nje:
saa tatu asubuhi, na giza
bado limekalia mabati mekundu ya mji ule.

Juzi baharia mmoja Mfilipino,
akibadilisha ndege Embakasi,
ameniachia soksi ya sufu.
Ndani, saa ya Mghoi, kioo kimepasuka,
na karatasi: *Kioo tu. Mengine usiguse.*

Barasa, ninayemfunza kazi, akaichungulia.
"Fundi, hii imepotea. Simu inasema tisa,
yenyewe inasema tatu."
Kidole chake kiko tayari kwenye kifundo.
Nikamshika mkono.

Maisha yangu yote nimesoma saa kwa kuvuka:
mshale uko tisa, mdomo unasema tatu.
Mama alichapwa shuleni kwa ajili ya zile sita
zinazodondoka kati ya jicho na ulimi.
Na sasa hii, imetoka mwisho wa dunia,
mshale tatu, mdomo tatu,
na nje Luthuli inafungua milango ya chuma,
saa tatu asubuhi, haina ubishi.

Nikatia kioo. Sikugusa kingine.

Jioni nikamfunga Mama mkononi.
Akaisogeza kwenye balbu.
"Saa moja na robo," akasoma,
moja kwa moja, kama mtu asomaye jina lake.
Akaisoma tena.
"Na kwa Mghoi?"
"Mshale ule ule, Mama. Ila kule ni saba na robo, mchana.
Siku hizi yeye ndiye anayevuka."

Alikuwa ameshashika simu.
Akairudisha mezani.
"Mwache ale kwanza."