Ungo, Kitangari

Somoe anapepeta mbaazi uani,
umeme umekatika, juu kumejaa.
Namwambia: hata galaksi zilianza hivi,
mabonge na vumbi, gesi ikigombana,
duara hakuna.
Zikazunguka. Miaka bilioni, tena bilioni,
hadi ghasia ikalala, ikawa bapa
kama ungo wako.
Nyota za buluu, zenye pupa, zikafa mapema;
nyekundu zimebaki, zabana matumizi,
maana gesi huisha, hata hii ya Msimbati.

Anapuliza makapi. Juzi tu tumemtoa mwali.
"Kumbe sisi tukikua twavunja ungo," asema,
"zenyewe zikikua ndipo zinausuka."

Sina la kuongeza.
Nampa debe la pili,
naye anaanza tena kuzungusha.