Nusu Ada

Kadi yangu ina namba ya mume wangu
na herufi moja inayomfuata nyuma:
kumi na saba B.
Eliringia ni kumi na saba tu, basi.

"Uanachama wa familia," mhazini alinieleza siku ile,
akilamba kidole afunue daftari.
"Nusu ada, shemeji. Unafuu."
Nikacheka. Nani hapendi unafuu?
Hata nyanya, pale Mbuyuni, nanunua za fungu la mwisho.

Mwaka wa sita huu.
Kila Jumanne saa kumi na mbili jioni,
ukumbini, juu ya duka la vipuri, Barabara ya Boma,
wao hupiga kengele wakakaa.
Mimi hupanga vikombe.
Kambi ya macho kule Rau nilipanga miwani,
jozi mia nne na kumi, kwa nguvu ya vioo;
nikamvisha bibi mmoja wa Kiboriloni,
akanitazama, akasema,
"Kumbe nawe una makunyanzi!"
Hilo halikuingia kwenye muhtasari.

Juzi wakaja wageni wa Japani.
Tunaiita klabu dada.
Dada mwenyewe kashuka na wanaume kumi na mmoja
na mama mmoja, mfupi, raba miguuni,
Kazue,
aliyebeba bendera za wote.

Katibu akasimama na takwimu zake:
"Wanawake ni asilimia thelathini na nane!"
Makofi. Mkalimani akageuza. Makofi tena.
Nami niligeuka kuitafuta hiyo thelathini na nane
nyuma ya mapazia, nikaona ndoo na ufagio.

Jikoni, Kazue alikunja mikono ya shati.
Kiswahili hana, Kijapani sina;
tulikuwa na Kiingereza cha kuombea maji.
Akatoa kadi yake. Nikatoa yangu.
Yake nayo ina kialama pembeni.
Akahesabu kwa vidole vyenye povu:
mume, yeye, mkwe, na mwana asomaye mbali
asiyejua hata mlango wa klabu uko upande gani.
Huandikwa wote, alisema,
mwaka usije ukaonekana mwembamba.

Nikamwambia, kwetu mama mkwe bado yumo.
Kumi na saba C.
Februari tulimzika kihambani, Kibosho;
Machi akalipiwa nusu ada.

Alicheka hadi akakalia kreti la soda.
Kisha akaniuliza, sauti chini,
"Wewe umewahi kupiga kura?"
Sahani ilikwisha takata.
Niliendelea kuisugua.

Leo Jumanne nimekuja na pesa ya parachichi zangu,
nimeifunga kwenye kona ya kanga.
"Ada nzima," nikamwambia mhazini.
"Ya nani, shemeji?"
"Yangu. Na mama mpumzisheni. Mtoeni huyo C."

Mhazini akamtazama Eliringia.
Eliringia akalitazama feni,
kana kwamba feni ndilo lililotoa hoja.

Basi daftari likasomwa upya, jina kwa jina:
huyu huja? Huyu je? Huyu aliolewa Tanga.
Huyu ni binti wa mwenyekiti, yuko darasa la saba.
Asilimia ikateremka kama gari lisilo breki
mpaka kumi na moja.
Katibu akashika kichwa:
"Wajapani tutawaandikia nini?"

Waandikieni tuko watatu.
Anaeli wa duka la dawa, achelewaye.
Mama Ndekirwa, asinziaye hoja zikirefuka.
Na mimi.
Mwandikieni Kazue kwanza.

Nikavuta kiti. Kikakwaruza sakafu, wote wakasikia.
Vikombe bado vilikuwa kabatini.
Mhazini alichana stakabadhi mpya, kalamu hewani,
akaniuliza, baada ya miaka sita, jina langu.

Aikande, nikamwambia.
Akakosea.
Nikamsahihisha.