Chupa ya Kumi na Nne

Saa kumi na mbili na robo, Vingunguti.
Maji leo ni rangi ya chai iliyolala.
Juzi yalikuwa bluu, bluu ya sherehe,
na hakuna aliyekuwa anaoa.

Navaa glovu. Nasuza chupa mara tatu
kwa maji yaleyale nitakayoyachota,
kama mtu anayesukutua kinywa kabla ya kula kiapo.
Namba. Saa. Joto. Jina la mto: Msimbazi.
Kisha matone mawili ya asidi,
risasi isije ikaganda kwenye kuta za chupa.

Risasi.
Lugha yangu imenitegea hapa:
neno moja, vifo viwili,
na kimoja tu ndicho chenye mlio.

Bwana Lwitiko alitufundisha kupanga.
Kuna vinavyooza, alisema:
kinyesi, maganda, damu ya machinjio.
Hivyo mto huvila wenyewe, ukipewa muda na pumzi.
(Pumzi ndiyo hauna. Nimeipima.)
Kuna vyenye anwani, kama bomba lile la kijivu
linalotapika usiku na kunyamaza mchana,
na kuna visivyo na anwani:
mvua ya masika inafua gereji zote kwa mkupuo,
oili ya Gerezani, betri za Tabata,
nenda kamshtaki nani.
Kuna vya hewani ambavyo hakuna aliyevitoa,
vimezaliwa na moshi wa Buguruni
ulipokutana na jua la saa saba.
Na kuna vyuma vizito.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Hawa ukiwapa jembe wanalipokea,
wanashukuru,
wanalima ndani ya mifupa.

Maabara kuna mashine inayopuliza maji motoni.
Kila chuma kina mwanga wake kinaoula,
hakigusi wa mwenzake.
Tunaangalia mwanga umepungua kiasi gani upande wa pili.
Ndivyo tunavyomjua mwizi:
si kwa sura,
kwa alichokula.

Chupa kumi na tatu ni za maji.
Ya kumi na nne ina mdomo mpana,
ni ya majani,
na majani nimeyafuata Kigogo bondeni,
tuta la saba kutoka kwenye mpapai uliovunjika.

Bi Siwema alikuwa ameinama, hakuinuka.
"Leo umekuja kikazi au kinyumbani?"
Nikamwonyesha chupa.
Akachuma fungu zuri, lenye majani mapana,
akalikung'uta, akalitazama, hakuridhika,
akashuka nalo hadi mtoni
akalitosa mara mbili, tatu,
akanikabidhi likichuruzika:
"Lisiende kupimwa na udongo. Utaniaibisha."

Nililipokea kwa mikono miwili.
Ni mama yangu.

Mchicha huu ulininunulia sare,
ukanilipia mtihani,
daftari la kemia lilinuka mchicha hadi kidato cha nne.
Nao tuliula. Jioni, na ugali, na nazi ikipatikana,
miaka kumi na saba.
Nikipita mbele ya ule moto mimi mwenyewe
sijui ni mwanga gani ungepungua.

Fomu ina safu: Aina. Chanzo. Kiwango.
Nimejaza mbili.
Kwenye Chanzo kalamu imesimama.
Niandike bomba? Niandike mvua?
Niandike tuta la saba,
waje na greda wang'oe tuta,
bomba libaki linanyamaza mchana?

Saa mbili usiku anapiga simu.
Nyuma yake nasikia kisu na ubao,
katakata, katakata.
"Enhe, mwanangu. Umefaulu?"

Nachelewa kujibu, kwa kuwa sijajua
anauliza mchicha
au ananiuliza mimi.

"Mama," nasema, "unapika nini?"