Mtondogoo

Wiki yangu ya kwanza hospitali ya Wete
Bi Mize Shaame aliketi, akapanua kinywa,
akajinyooshea kidole kooni.
"Kidakatonge, mwanangu. Kimenivimba."

Nikatazama faili. Nikatazama dari.
"Kida... nini?"

Akafumba mdomo, akaniangalia
kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.
"Daktari gani wewe? Kitu unacho mwenyewe
tangu ulipozaliwa, na jina lake hulijui!"

Alipoondoka nilikwenda kwenye kioo cha sinki, nikaachama:
kweli, kipo, chekundu, kinaning'inia,
kimedaka matonge yangu miaka ishirini na saba
bila ahsante.

Usiku ule nililigeuza daftari la bandeji,
nikaanza kuandika kwa nyuma.

Kisugudi. Alikuja nacho Faki, mwashi wa Jadida,
alikunguwaa na ndoo ya zege begani.
Mie ningeandika "kajikwaa, kaumia kiwiko", basi.
Lakini kunguwaa, hebu litamke polepole:
jiwe limo humo ndani, na kidole gumba,
na ule mkono unaotafuta pa kushika hewani.

Mchonyoto. Nilimpaka dawa mtoto wa Gando,
nikamuuliza, "Inauma?"
"Haiumi," akanisahihisha, machozi yamemlenga,
"inachonyota."
Nikampa pipi mbili. Ya pili ilikuwa ya lugha.

Kinyenyezi kilikuja na mke wa mwalimu,
kinamjia kila akiinuka kitini.
Nilipomfunga mkono kupima presha
neno lilikuwa limeshafika mbele ya mashine.

Chechele si ugonjwa. Chechele ni mie,
nilipoupita mlango wa wodi, nikaipita ngazi, nikalipita geti,
hadi sokoni, midomo ikichezacheza chechele, chechele,
na muuguzi Sichana nyuma yangu, anakimbia na koti.

Na nje ya dirisha la dawa
mavundevunde, halafu rasharasha.
Miaka yote ile nilikuwa naziita hali ya hewa.

Siku moja nilijitia ujuzi.
Nikamwambia kijana wa Konde, "Una kekevu."
Akacheka hadi ikamkatika.
"Hii kwikwi tu, daktari. Kekevu alikuwa nayo bibi yangu."
Nikaliandika hivyo hivyo: kekevu, ya bibi yake.

Koo la Bi Mize lilipopoa nilimuuliza,
"Utarudi lini nikuangalie?"
"Mtondogoo," akasema, ameshafika kizingitini.

Nikahesabu kwa vidole:
kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo.
Kwetu mjini ikishapita kesho kutwa
tunakwenda kuazima kalenda ukutani.
Yeye siku ya nne anaijua kwa jina,
haijazaliwa na ameshaitandikia mkeka.

Leo ndiyo mtondo.
Nimekifuta kioo cha sinki.
Nimepiga simu nyumbani, Mchangani,
nikamsumbua mama hadi akakumbuka
neno moja la marehemu bibi,
la zile dakika baada ya kula
ambapo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Sikuliandika daftarini.
Nimeliweka chini ya ulimi,
na namuomba Mungu, anisamehe,
Bi Mize asiwe analijua.