Tambi Kumi

Jiko linatoa moshi tangu Jumanne.
Nkuhungu, Julai, upepo unagonga bati
kama mwenye nyumba anayejua tumo ndani.

Nalizima. Nangoja lipoe; jiko la moto
halitaki fundi, kidole changu hiki ni shahidi.
Namimina mafuta koponi: chini yake, maji,
matone yanayokwepa kama macho ya Lechipya,
anayetupimia kwa chupa ya bia
na kuapa kwa marehemu baba yake.

Napangusa masizi. Nachomoa tambi kwa koleo,
mmoja mmoja, vichwa vyeusi, vigumu.
Nakata, nalinganisha:
utakaowazidi wenzake ndio utakaotia sufuria weusi.

Wa saba si utambi.
Ni kitambaa kilichosokotwa, drili ya buluu iliyofifia,
sketi yangu ya shule, ile niliyoitafuta
darasa la sita, nikachapwa kwa kwenda na gauni.
Mama alisema panya.

Nakaa nacho mkononi.
Usiku ule tulikula ugali na mlenda.
Nakumbuka ulikuwa wa moto.

Narudisha zote. Mafuta mapya, nimeyachuja.
Nangoja tambi zinywe, hapo ndipo haraka huharibu.
Dirisha naliacha wazi upana wa kiganja,
baridi na ilalamike.

Kiberiti.
Tisa zinawaka buluu.
Wa saba unawaka njano, una kamoshi kidogo.
Siukati.