Stakabadhi

Nimepokea kwa Mzee Swallo, muuza mbao wa Makambako,
karani mmoja.
Si kitanda. Si bati. Si ndoo ya rangi.
Karani, kwa miezi kumi na minne,
pamoja na kikokotoo chake na koti zito la baridi ya Makete.

Ulipokuja Julai, sakitu imelala juu ya viazi,
macho yako yalitembea ukutani yakitafuta pa kubandika kibao.
Kamati ilishapanga: tumwombe magodoro, tumwombe jenereta.
Mimi, muuguzi pekee wa vijiji vitatu,
nikakufungulia kabati.
Panya alikuwa amezaa ndani ya mihtasari ya mwaka juzi.

Nikasema: Mzee, fedha za serikali zipo,
zinapita barabara ya juu kama malori yako.
Hazisimami hapa kwa kuwa kwenye karatasi
sisi si kituo.
Wametuandikia mara tatu: leteni mpango, leteni hesabu,
leteni akaunti yenye saini.
Mkono huu unakata vitovu. Leja utaishika saa ngapi?

Ulicheka. Kisha ukanyamaza,
kama mtu anayepima gogo kwa jicho.

Akaja Tumsifu Luvanda.
Alihesabu hata mikasi iliyopinda.
Aliketi na kamati mpaka moto wa mianzi ukafa,
akiwaeleza kwamba "tulinunua vitu" si hesabu.
Halmashauri ilirudisha mpango mara mbili:
mara ya kwanza jumla ilitudanganya,
mara ya pili kosa lilikuwa lao,
na hakuna aliyesema samahani.

Machi, daraja limekwenda na maji, simu ya mweka hazina ikalia.
Zimeingia.
Hazikuwa nyingi, nisikufiche:
tanki, dawa za robo mwaka, posho ya mlinzi.
Ila robo ijayo zitakuja tena,
wala hatutampigia mtu magoti.
Hata wewe. Usikasirike.

Kibao kipo sasa, kina nembo ya halmashauri.
Jina lako nimelitafuta; liko mahali pamoja tu,
mgongoni mwa faili la kwanza, kwa penseli:
Swallo, mbao.

Juzi usiku mke wa Ukende alijifungua, mtoto katanguliza miguu.
Ripoti ilikuwa imeshakwenda.
Mikono yangu yote miwili ilikuwa pale.

Imepokelewa na mimi, Edina Chaula.

Tena: mkataba wa Tumsifu unaisha Agosti.
Usihangaike.
Tumeshamwandika kwenye bajeti.